Barua kwa mwanangu kabla ya safari ya Ayalandi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, na nimefurahi kusikia kwamba wewe na mkeo mtazunguka Clare na Galway mwezi wa Mei. Umeniuliza mchukue hoteli yenye madirisha yanayoelekea bahari au nyumba ya mkulima iliyo mbali na pwani, maadamu bei zinakaribiana. Nitakujibu, ila niruhusu kwanza nizungumzie jiko, kwa sababu chumba ni cha kulalia tu.

Tulipokwenda kumtazama dada yako alipokuwa akisoma Cork, tulipitia pia Clare, na mama yako alichagua hoteli ya pwani huko, nawe wamjua mama yako akishachagua. Dirisha lilikuwa la ajabu: visiwa vya Aran vilikuwa mbele yetu, na jua halikuzama mpaka karibu saa nne usiku. Chini palikuwa na gati, ambapo mvuvi alikuwa akiyafungua madema yake na kutoa kaa wakubwa wa rangi ya kahawia, wenye magando yaliyokolea weusi kwenye ncha, akiwapanga kwenye kreti za kupakiwa lorini. Nilishuka nikamwuliza wanapelekwa wapi, akanijibu Ufaransa. Niliporudi mezani nikaletewa kipande cha samaki wa barafu kilichogubikwa chenga za mkate, na katikati yake bado kilikuwa baridi. Mimi ni mtu wa Mombasa, mwanangu. Jambo lile linaniuma hadi leo.

Kesho yake kijana wa kituo cha petroli, ambaye hakuwa na faida yoyote katika shauri lile, alituelekeza kwenye nyumba ya shamba karibu na miamba ya Burren, ambako hakukuwa na cha kutazama ila ng'ombe na kuta za mawe. Mwenye nyumba alituuliza usiku uleule tunakula nini, maana kiamshakinywa chao kimejaa nguruwe, pamoja na zile soseji nyeusi za damu. Mama yako alimweleza kwa upole, na asubuhi bibi yule akatuandalia makereli waliokaangwa kwa siagi, waliovuliwa na shemeji yake, pamoja na mkate wa ngano usiotiwa hamira, ule wanaouumua kwa magadi na mtindi, ukiwa bado unafuka moshi. Jiko jema linajua chakula chake kimetoka wapi. Nimelisema hili tangu mkiwa wadogo, na sijaona la kunibadilisha.

Wala si mawazo yangu peke yangu. Mpishi wa Ayalandi, Myrtle Allen, alipokifungua chumba chake cha kulia mwaka 1964 katika nyumba ya shamba ya Ballymaloe, huko Cork, menyu aliiandika upya kila siku kwa kufuata bustani yake na mashua za wavuvi wa Ballycotton, wakati ambapo wengi waliamini kwamba chakula cha heshima lazima kiige Ufaransa. Kwa hiyo mkikuta menyu ndefu iliyofunikwa plastiki, endeleeni na safari. Na mkiona mwezi wa Mei wanajisifia chaza wa asili wa Galway, ambao msimu wao ni Septemba hadi Aprili, ulizeni maswali. Angalieni saa pia: jua la huko hudanganya, na majiko mengi ya vijijini hufungwa saa tatu usiku, wakati nje mchana haujakwisha. Mkipita Ballyhaunis, kule Mayo, kuna msikiti uliojengwa mwaka 1987 karibu na kiwanda cha nyama ya halali, kwa hiyo nyama haitawasumbua.

Hata hivyo, lazima niwe mwadilifu. Zipo hoteli za pwani zenye wapishi wanaonunua gatini, na zipo nyumba za mashamba zinazotoa mkate wa dukani na juisi ya pakiti. Tena mama yako anashikilia kwamba samaki husahaulika na machweo yale hayasahauliki, na nikimtazama anavyoyasimulia, nashindwa kumbishia. Lakini yule kaa alikuwa hatua chache tu kutoka jikoni!

Basi siwachagulii, ingawa kalamu inaniwasha. Ipigie simu hoteli hiyo, uulize samaki wao anatoka gati gani na nani anayemleta, kisha uwaulize hivyohivyo wenye shamba kuhusu mayai yao. Weka malipo ya awali baada ya hapo, na uniandikie mmechukua ipi kabla hujamwambia mama yako.

Ni mimi baba yako.