Je, mtafiti wa viumbe waliotoweka ni lazima achimbe visukuku?

Ndugu, umeuliza kama mtu anaweza kubobea katika elimu ya viumbe wa kale bila kushinda porini akichimba visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa miambani. Anaweza. Jack Sepkoski wa Chuo Kikuu cha Chicago alitumia miaka mingi maktabani akipekua majarida, akiandika kwa kila familia (kundi la spishi zenye nasaba) ya wanyama wa baharini ilipoanza kuonekana kwenye miamba na ilipoonekana mara ya mwisho. Kazi hiyo, ambayo wengi wangeiita ya ukarani, ndiyo iliyomwezesha yeye na mtafiti mwenzake David Raup kubainisha, mwaka 1982, vipindi vitano vya kutoweka kwa viumbe kwa wingi. Naiheshimu mno. Hata hivyo, usiikwepe miamba kabisa, kwani aliyewahi kumtoa trilobiti, mnyama wa baharini aliyetoweka zamani, jiweni kwa ncha ya sindano hutambua upesi jina lililoorodheshwa kimakosa.