Maswali na majibu: Gari la spoti la mtumba, tabia zake na ubovu wake

Tangu niandike kuhusu Subaru na magari mengine ya spoti yanayoshushwa bandarini kutoka Japani, maswali yamekuwa mengi, na karibu yote yanauliza jambo moja: hii ni tabia ya gari au ni ubovu? Ni swali zito. Anayedhani tabia ni ubovu atafungua injini bila sababu. Anayedhani ubovu ni tabia ataifungua pia, ila atakuwa amechelewa. Nimechagua machache kati ya yale yaliyojirudia.

Kaka, nimenunua Impreza WRX STI ya mwaka 2005. Asubuhi nikiwasha na baridi hii ya huku, injini inagonga kama dakika mbili tatu, halafu inatulia. Fundi wangu anasema imeshanoki, nitafute injini nyingine. Ni kweli? – Msomaji, Moshi

Usinunue injini bado. Injini yako ni ya ukoo wa EJ20, ambayo pistoni zake zimelala ubavu, mbili kushoto na mbili kulia. Ikiwa ya baridi, nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda huwa kubwa kidogo, pistoni inayumba na kugonga ukuta. Ikipata moto, pistoni inatanuka, nafasi inabana, sauti inapotea. Subaru nyingi huishi na mlio huo miaka na miaka bila kudhurika.

Beringi za konrodi, yaani za fimbo zinazounganisha pistoni na shafti ya injini, zikiisha, mambo huwa kinyume. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, na mlio unaongezeka badala ya kupungua. Kwa hiyo fanya jaribio hili: endesha gari mpaka injini ipate moto kamili, simama mahali palipo kimya, fungua boneti, mtu mwingine akanyage mafuta hadi mizunguko kama 3,000 kwa dakika kisha aachie ghafla. Wewe sikiliza pale mizunguko inaposhuka. Ukisikia mlio mzito wa kugonga, wa chini, unaofuata kasi ya injini, zima hapohapo na gari livutwe mpaka gereji. Usiliendeshe hata kidogo. Usiposikia kitu, fundi wako amekuhukumia gari kwa sauti ya dakika mbili za asubuhi.

Ila kuna jambo linalonisumbua kuliko mlio huo: hukutaja oili. Injini hizi za tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) hunywa oili, na nyingi zilizokufa beringi ziliendeshwa oili ikiwa imepungua bila mwenyewe kujua, kwa sababu taa nyekundu ya oili huwaka wakati madhara yameshaanza. Pima asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare. Futa kijiti, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe polepole, kisha tazama pande zake zote mbili. Kwenye injini hii mara nyingi upande mmoja unaonyesha oili juu kuliko mwingine, kwa kuwa kijiti kimejipaka njiani. Amini upande ulio chini. Kwa mwezi mmoja wa mwanzo fanya hivyo kila wiki na uandike unachokiona. Baada ya mwezi utajua gari lako linakunywa kiasi gani, na hakuna fundi atakayekutisha tena kwa habari za oili.

Gari yangu ni Mazda RX-8, bado ni mgeni kwayo. Jumapili niliisogeza mita chache tu ili gari ya jirani itoke, nikazima. Jioni ikakataa kuwaka kabisa. Stata inazunguka vizuri lakini wapi. Niliuziwa gari mbovu? – Msomaji, Nairobi

Pengine hapana. Umekutana na tabia maarufu kuliko zote za gari hilo. RX-8 haina pistoni. Ndani yake kuna rota mbili zenye umbo la pembetatu, kila moja ikizunguka kwenye chumba chake. Injini ikiwa ya baridi kompyuta humwaga petroli nyingi. Ukiwasha, ukasogea kidogo na kuzima, petroli hiyo inabaki ndani, inalowesha plagi na kuosha oili inayosaidia kuziba kingo za rota. Mgandamizo unapungua, cheche haipatikani, gari haliwaki.

Cha kufanya ni hiki. Hakikisha betri ina chaji ya kutosha. Kanyaga mafuta mpaka sakafuni na ushikilie hapo, kisha piga stata kwa sekunde chache, pumzisha, rudia. Mguu ukiwa sakafuni wakati wa kupiga stata, kompyuta inakata petroli, na hewa inakausha ndani. Likianza kushika, achia mafuta taratibu. Moshi utakaotoka usikutie hofu. Likigoma kabisa, fundi atoe plagi zote nne, azikaushe au aweke mpya, na ajaribu tena.

Kuanzia sasa, ukiwasha gari hilo liache lipate moto ndipo ulizime, hata kama ulitaka kulisogeza tu. Pia usishangae likila oili. Limeundwa hivyo: kuna pampu inayoingiza oili kidogo kidogo kwenye vyumba vya rota ili kulainisha kingo zake. Kwa hiyo kupima oili kila unapojaza mafuta ni sehemu ya kulimiliki. Anayesema RX-8 yake haili oili kabisa, mwambie akaangalie kama hiyo pampu bado inafanya kazi.

Tofautisha na hili: likiwaka vizuri asubuhi likiwa baridi, halafu likasumbua kuwaka likiwa na moto, labda umezima kituo cha mafuta na sasa stata inazunguka weee, hiyo si tabia. Hiyo ni dalili ya mgandamizo uliokwisha. Tafuta gereji yenye kipimo maalumu cha injini za rota, kwa sababu kila rota ina nyuso tatu na kipimo cha kawaida kinaonyesha tu ule uso wenye nafuu. Unaweza kuambiwa injini nzima huku uso mmoja umekufa. Koili, zile zinazozipa plagi umeme wa cheche, nazo uzitazame mapema. Zikichoka, petroli isiyoungua inaingia kwenye masega ya egzosi (kile kisafisha moshi chenye matundu madogo) na kuyayeyusha, na masega yakiziba, joto linarudi kwenye injini.

Kila nikiwasha gari, mwanamke anaongea Kijapani. Na redio inashika stesheni mbili tu. Vyote viwili vinarekebishika? – Msomaji, Mwanza

Vinarekebishika bila gharama kubwa. Sauti hiyo ni ya kifaa cha kulipia barabara za Japani kwa kadi. Anakuambia kadi haijawekwa. Tafuta kiboksi kidogo chini ya usukani, kwenye kisanduku cha dashibodi au nyuma ya kioo cha jua, kisha fundi wa umeme akichomoe. Redio yako nayo imetengenezwa kwa masafa ya Japani, yanayoanzia 76 na kwa muda mrefu yaliishia 90, wakati FM yetu inafika 108. Kuna kifaa kidogo cha kuongeza masafa, lakini kwa maoni yangu weka redio mpya.

Ukiwa hapo chini, angalia upande wa miguu ya abiria wa mbele. Kama kuna kijiti chekundu kimebanwa ukutani, hicho ni fataki ya dharura ambayo sheria ya Japani inataka kila gari liwe nayo. Kinawaka moto wa kweli. Kiondoe watoto wasikichezee.

Nikichomoa ufunguo injini inaendelea kuwaka karibu dakika nzima ndipo inazima yenyewe. Mara ya kwanza nilidhani gari lina jini. – Msomaji, Mombasa

Una kifaa cha kuchelewesha kuzima, ambacho Wajapani wengi waliokuwa na magari ya tabo walikifunga. Tabo inazunguka kwa kasi kubwa mno na kupata moto mkali. Ukizima ghafla baada ya kukimbiza gari, oili iliyosimama ndani yake inaungua na kugeuka masizi. Kifaa kinaiacha injini iwake kwa utulivu ili joto lipungue.

Wazo zuri, lakini mimi ningekitoa. Kama gari lako ni Subaru, tabo yake hupozwa kwa maji pia, na tangi dogo la maji limewekwa juu ya tabo makusudi, ili maji ya moto yapande na ya baridi yashuke hata injini ikiwa imezimwa. Endesha polepole kilomita ya mwisho kabla ya kufika nyumbani na tabo itapoa vya kutosha. Kwa upande mwingine, gari linalonguruma bila ufunguo kwenye gereji iliyofungwa linajaza hewa ya sumu, na ukiliacha kwenye gia hali ni mbaya zaidi. Kwa kawaida kifaa kimeunganishwa kwa soketi nyuma ya swichi ya ufunguo. Fundi anachomoa, anaunganisha soketi za asili, basi. Usikubali mtu akate waya.

Nina Altezza RS200. Joto la Dar limezidi, mshale umepanda mara mbili kwenye foleni. Fundi anasema tutoe themostati, eti nchi zetu za joto haziihitaji. Nimkubalie, kaka? – Dada msomaji, Dar es Salaam

Tafadhali sana, dada yangu, usimkubalie. Hili ndilo jambo ambalo nikilisikia roho inaniuma, kwa sababu limeua injini nyingi nzuri mikononi mwa watu waliotaka kuzitunza.

Themostati ni mlango. Injini ikiwa ya baridi inafunga ili maji yapate moto upesi, na yakifika karibu nyuzi 80 inafungua yaende kwenye rejeta. Mshale wako ulipanda kwenye foleni, gari likiwa limesimama. Hapo mshukiwa wa kwanza ni hewa isiyopita kwenye rejeta. Feni inazunguka? Inavuta hewa ya kutosha? Rejeta imejaa vumbi na wadudu katikati ya mapezi? Mfuniko wa rejeta bado unashika presha? Mfuniko ni kitu kidogo cha bei nafuu, lakini ukilegea maji yanachemka mapema. Na ndani kuna kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) au maji ya bomba yaliyoleta kutu?

Ukitoa themostati, mshale utashuka na mtafurahi. Lakini ubovu wenyewe bado upo, umefichwa tu. Asubuhi na barabarani injini itakaa baridi kuliko inavyotakiwa, kompyuta itaongeza petroli ikidhani bado inapasha, petroli hiyo itaingia kwenye oili, na silinda zitalika. Injini yako ya 3S-GE ilitoa hadi farasi 210 kwa lita 2 tu bila tabo. Ilipata nguvu hiyo kwa kubana hewa sana na kuzunguka sana, kwa hiyo haivumilii oili mbovu wala petroli hafifu. Tia petroli ya oktani ya juu kabisa unayoipata. Halafu mwambie fundi, kwa heshima, aanze na feni. Akikataa, tafuta fundi mwingine.

Tairi moja ya Subaru yangu ilipasuka nikanunua moja mpya. Sasa nikikata kona kali kwenye maegesho gari inakuwa nzito, kama breki imeshika. – Msomaji, Eldoret

Usiendelee kuiendesha hivyo. Subaru hiyo inasukuma magurudumu yote manne muda wote, na katikati ya gia boksi kuna difu inayogawa nguvu mbele na nyuma. Tairi jipya ni kubwa kidogo kuliko kuukuu, kwa hiyo difu inadhani gurudumu moja linateleza kila sekunde unayotembea. Inapata moto na kuungua.

Chukua futi ya fundi cherehani, zungushia kila tairi katikati ya kashata, na uandike. Tofauti ya mzunguko isizidi milimita 6. Ikizidi, nunua manne yanayofanana, au tafuta moja lililotumika la aina ileile linalolingana. Najua ni gharama, lakini difu ni ghali zaidi. Uzito huo ukibaki baada ya tairi kulingana, difu imeshaumia.

Mbona Impreza yangu haingurumi kama za wenzangu? Nimetapeliwa injini? – Msomaji, Dodoma

Hapana. Ule mngurumo unatoka kwenye manifodi ya egzosi yenye mabomba yasiyolingana urefu. STI nyingi za soko la Japani za miaka ya 2000 zilipewa mabomba yanayolingana na tabo yenye njia mbili. Zinapumua vizuri na tabo inaamka mapema. Usibadilishe kwa ajili ya sauti.

Nitajuaje kama mkanda wa taimingi umebadilishwa? Muuzaji anaapa kwamba ndiyo. – Msomaji, Bukoba

Fungua boneti utafute stika. Gereji za Japani hubandika stika kwenye kifuniko cha mkanda au pembeni, na nyingine ya oili kwenye fremu ya mlango wa dereva. Maandishi ni ya Kijapani lakini tarakimu ni hizihizi zetu. Mwaka unaweza kuandikwa kwa kalenda yao: ukiona H27 au 27 peke yake, jumlisha 1988, unapata 2015. Ukiona R3, jumlisha 2018, unapata 2021. Pembeni kuna kilomita za siku hiyo. Linganisha na zilizopo kwenye dashibodi. Kama stika ya mwaka 2015 inasema 98,000 na dashibodi leo inasema 81,000, mkanda si tatizo lako kubwa tena, rudi kwa muuzaji.

Usipoona stika wala risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa. Kwa EJ20 unabadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika pistoni zinakutana na valvu. Badilisha pamoja na puli zake, kikaza mkanda na pampu ya maji, kwa kuwa kazi ya kufungua ni ileile. Kisha bandika stika yako mwenyewe, yenye tarehe na kilomita.