Alama Moja ya Uso Yatosha

Hadithi ya Luanda Magere, shujaa wa masimulizi ya Waluo, nilivyosimuliwa haisemi pua yake ilikuwaje, wala kama alifuga ndevu. Inasema mwili wake ulikuwa jiwe na kwamba uhai wake ulikaa katika kivuli chake. Basi. Lakini kila ninayemuuliza hapa Kisumu ana sura yake ya shujaa huyo, na yuko tayari kuitetea.

Ndiyo maana nawasihi vijana wanaoniletea miswada ya hadithi: punguzeni maelezo ya uso. Nakutana na aya nzima ya macho ya kurembua, mwanya, vishimo mashavuni na meno meupe pepepe, na nikiimaliza bado simwoni mtu. Chagua alama moja, kisha uipe kazi. Muuza samaki wa Dunga anayefumba jicho la kushoto kila anapokataa kupunguza bei anatosha kabisa. Jicho hilo likifumba mara ya pili, msomaji ameshaongeza paji la uso, leso na midomo, vyote vyake mwenyewe.

Alama hiyo itangulie. Ukingoja sura ya kumi ndipo useme mhusika ana kovu shavuni, umechelewa; msomaji ameishi na shavu laini muda wote huo, na wengi watalipuuza kovu lako.

Mimi huokota nyuso soko la Kibuye siku ya Jumapili, au ndani ya matatu za Kondele: macho ya huyu, taya la yule, mwendo wa mwingine. Usimchukue mtu mzimamzima. Atajitambua, na hilo si haki kwake. Tena atakufunga mikono, maana utasita kumfanyisha mhusika jambo ambalo mwenye sura hawezi kulifanya.

Wapo pia wasomaji wasioona sura yoyote akilini, hata wakijitahidi. Mwaka 2015 Adam Zeman wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, pamoja na wenzake, waliiita hali hiyo afantasia. Si ugonjwa, na wengi wao wanapenda hadithi sana. Wao humtambua mhusika kwa kauli na matendo, kwa hiyo nao tuwafikirie. Chukua ukurasa wa mazungumzo, funika majina yote, umpe rafiki asome. Asipojua nani anasema nini, rudi kwenye sauti zao kabla hujagusa pua ya mtu yeyote.