Kabla hujachagua fizikia tiba

Jioni moja, nikiwa mtarajali, nilipima mashine ya tiba ya mionzi nikapata jibu lililonitoa jasho: dozi ilikuwa pungufu kwa asilimia 17 hivi. Nikarudia mara tatu, jibu lile lile. Nikaanza kupanga maneno ya kumwambia msimamizi wangu, kwamba mashine imeshuka na lazima ipandishwe kabla ya mgonjwa wa kwanza wa asubuhi.

Yule mama aliitupia macho karatasi yangu. "Mgandamizo huu wa hewa umeutoa wapi, mwanangu?" Nikamjibu kwamba nimeuona kwenye simu, kwenye taarifa ya hali ya hewa. Hakunikaripia. Alinipeleka hadi ilipotundikwa barometa ya chumba, akaniambia nisome. Kilopaskali 84 na ushee. Mimi nilikuwa nimeandika 101.

Taarifa za hali ya hewa husahihisha mgandamizo kana kwamba kila mahali pako usawa wa bahari. Hospitali ile iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na huko hewa ni nyepesi. Kifaa tunachopimia, chemba ya ioni, kina uwazi mdogo wenye hewa ndani yake. Mionzi ikipita humo huzalisha chaji ya umeme, nasi tunaisoma chaji hiyo. Hewa ikipungua, chaji nayo hupungua, hata kama mionzi haijabadilika, ndiyo maana kila kipimo huzidishwa kwa namba ya kusahihisha joto na mgandamizo. Mashine haikuwa na tatizo lolote. Kama ingepandishwa kwa hesabu yangu, wagonjwa wote wa kesho yake wangepata dozi iliyozidi kwa karibu asilimia 20.

Na wasingehisi kitu. Dozi ya kawaida ya siku moja kwa wagonjwa wengi wa saratani ni grei 2, yaani jouli 2 za nishati kwa kila kilo ya mwili. Nishati hiyo haitoshi kupandisha joto la maji hata kwa sehemu moja ya elfu ya nyuzi ya Selsiasi. Mgonjwa hawezi kukwambia kwamba leo umemzidishia. Daktari naye hawezi kuona kwa macho. Anayejua ni yule aliyepima.

Vijana wanaponiuliza fizikia tiba ni nini hasa, huwasimulia jioni ile. Daktari bingwa huandika kwamba mgonjwa apewe grei 50 kwa vipindi 25. Mwanafizikia tiba ndiye anayebeba dhamana kwamba kilichoandikwa ndicho kinachofika, mahali pake, kila siku, kwa wiki tano. Kama unapenda fizikia lakini kurudia kipimo mara tatu kunakuchosha, ni heri ujue sasa. Na kama wewe ndiye yule ambaye kwenye maabara ya shule hukubali kuondoka mpaka ujue kwa nini jibu lako limepishana na la wenzako, basi endelea kusoma, nina mengi ya kukwambia.

Kwanza, usiingie ukidhani utakuwa msaidizi wa madaktari. Mwaka 1956, mwanafizikia Allan Cormack aliombwa awe anakwenda Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, kwa siku moja na nusu kila wiki, asimamie matumizi ya vitu vyenye mionzi. Akiwa pale akaona jinsi dozi zilivyokuwa zikipangwa kana kwamba mwili mzima ni kitu cha aina moja, wakati mfupa na pafu havipitishi mionzi sawa. Swali hilo lilimfikisha kwenye hisabati ya kutengeneza picha ya ndani ya mwili kutokana na miale inayopita pande zote, na mwaka 1979 yeye na Godfrey Hounsfield wakapewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi iliyozaa CT scan. Hakuna kati yao aliyekuwa daktari.

Njia ya masomo yenyewe haina siri. Shahada ya kwanza ya fizikia, au ya uhandisi yenye fizikia nzito, kisha uzamili wa fizikia tiba, ambako utakutana na anatomia, biolojia ya mionzi, upimaji wa dozi na kinga ya mionzi. Hisabati usiikimbie.

Baada ya hapo ndipo wengi hukwama. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki unataka baada ya darasa ufuate utarajali wa hospitalini usiopungua miaka miwili, chini ya mwanafizikia mzoefu. Nimeona vijana wenye vyeti vizuri vya uzamili ambao hawajawahi kushika chemba ya ioni, wamefika mahojiano ya kazi wakaulizwa swali moja la vitendo, wakanyamaza. Inauma, kwa sababu akili wanazo. Kwa hiyo kabla hujalipa ada popote, uliza: ni hospitali gani itanipokea, nani atanisimamia kwa jina, na waliomaliza miaka mitatu iliyopita wako wapi? Chuo kikijibu kwa kuzungukazunguka, tafuta kingine. Programu ya uzamili inayoendeshwa Trieste, Italia, na ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, pamoja na chuo kikuu cha mji huo, ina muundo ninaoupenda: mwaka mmoja darasani, mwaka wa pili hospitalini, na imelenga hasa wanaotoka nchi zinazoendelea.

Jifunze pia kuandika programu za kompyuta, na ujifunze kutoziamini. Kati ya 1985 na 1987 wagonjwa sita nchini Marekani na Kanada walipata dozi za kutisha kutoka mashine iliyoitwa Therac-25, na makosa ya programu yalikuwa kiini cha ajali hizo. Kompyuta ilionyesha namba, watu wakaiamini namba. Mpaka leo, mpango wa tiba ukitoka kwenye kompyuta, nauhakiki kwa hesabu nyingine inayojitegemea kabla mgonjwa hajalala mezani.

Kuhusu ajira, wengi wetu tuko kwenye tiba ya mionzi, na huko ndiko nafasi nyingi zilipo. Wengine wako kwenye picha: eksirei, CT, MRI. Wapo wa tiba ya nyuklia, wanaoishi kwa saa, maana tekneti-99m, kitu chenye mionzi anachodungwa mgonjwa ili apigwe picha, hupungua nusu kila baada ya saa 6, haimsubiri mgonjwa aliyechelewa. Wapo kwenye mamlaka za udhibiti, viwanda vinavyotengeneza mashine, vyuo na utafiti.

Kinga ya mionzi naitaja peke yake kwa sababu vijana huidharau, wakidhani ni kazi ya kubandika mabango ya tahadhari. Aliwahi kuletwa kwangu mama aliyepigwa eksirei ya kifua kisha akagundua ni mjamzito. Alikuwa analia, na ndugu zake walikuwa wameshaanza kumshauri aitoe mimba. Nikakaa naye nikakokotoa. Eksirei ya kifua humfikishia mtoto tumboni dozi isiyofika miligrei 0.01, na miongozo ya kimataifa inasema dozi iliyo chini ya miligrei 100 si sababu ya kutoa mimba. Nikamwandikia namba zote mbili kwenye karatasi moja, ya juu na ya chini, aone mwenyewe umbali uliopo kati yake. Aliikunja ile karatasi akaiweka kwenye pochi yake. Hesabu ilikuwa ya dakika kumi.

Nisikufiche ugumu. Vipimo vikubwa hufanywa wagonjwa wakishaondoka, kwa hiyo jioni na Jumamosi nyingi zitakwenda. Utakaa na jalada la mtoto wa miaka mitano mbele yako, ukitafuta namna ya kuinusuru figo yake moja, na utarudi nalo nyumbani kichwani.

Kama bado unavutiwa, usisubiri chuo. Andika barua kwa kitengo cha tiba ya mionzi cha hospitali iliyo karibu nawe, jieleze kwa ufupi, uombe kukaa siku moja na mwanafizikia wao. Omba siku ya vipimo vya mwezi, uingie nao chumbani tangi la maji, linaloshika nafasi ya mwili wa mgonjwa, likijazwa, uone chemba ikishushwa milimita kwa milimita. Na wakifika kwenye mgandamizo wa hewa, uliza barometa iko wapi.