Wasomaji Wauliza, Mafundi Wajibu: Mbao za sakafu kwenye nyumba ya mawe

SWALI: Nyumba ya wazee wetu iko Mikindani. Ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, ghorofa moja, na sakafu ya juu imebebwa na boriti za mikoko. Tunaikarabati. Mwanangu aliyeko Marekani anataka tuagize mbao za walnati, tuweke chini na juu. Fundi wetu anasema mninga unatosha. Tumsikilize nani? (Mama wa Mikindani)

JIBU: Mama, msikilizeni fundi, ingawa mwanao hajakosea kuipenda walnati. Walnati nyeusi ya Marekani (Juglans nigra) ina rangi nzuri ya kahawia iliyokolea na inarandika vizuri. Tatizo ni unyevu. Kule hukaushwa kwenye tanuri mpaka ibaki na maji asilimia 6 hadi 9. Pwani ya Mtwara, mbao ikikaa kwenye nyumba yenye madirisha wazi hutulia kwenye asilimia 13 hadi 15. Ubao wa upana wa milimita 100 ukinyonya asilimia 6 zaidi hutanuka kama milimita 1.5. Chumba cha urefu wa mita 5 kinachukua mbao 50 za namna hiyo, kwa hiyo mvua za Desemba zikianza sakafu inadai nafasi ya milimita 75, yaani upana wa vidole vinne. Ikiikosa, itanyanyuka katikati au itasukuma ukuta, na ukuta wa chokaa hauvumilii kusukumwa.

Kuna na mchwa. Kiini cha walnati hakiozi upesi, lakini wadudu wanakila. Jua nalo huipausha: ukiondoa zulia baada ya muda utaona umbo lake sakafuni.

Mninga hutanuka na kusinyaa kidogo sana, chini ya nusu ya walnati, na kiini chake kinawashinda mchwa. Ile sehemu nyeupe ya nje haiwashindi. Bungua wanaitoboa haraka, kwa hiyo kila ubao wenye weupe urudisheni kwa muuzaji. Kama anachokitaka mwanao ni ile rangi ya giza, mwonyesheni mpangapanga wa misitu yetu ya kusini. Ni kahawia nzito yenye michirizi myembamba, na ni mgumu kuliko walnati. Vibanzi vyake vinachoma sana mikononi, na madoa ya utomvu huzuia vanishi kushika; yafuteni kwa spiriti kabla ya kupaka. Mpingo waachieni wachongaji, hautoi mbao ndefu.

Sasa chini na juu. Chini msiweke mbao ya aina yoyote. Nyumba hizi hazina kizuizi cha maji kwenye msingi. Unyevu na chumvi hupanda kutoka ardhini na kutokea sakafuni na kutani. Jaribuni: bandikeni nailoni ya mita 1 kwa 1 sakafuni, mfunge kingo zote kwa selotepu, mwiache siku mbili. Mkikuta matone upande wa chini, mmepata jibu. Wapo watakaowashauri kutandaza nailoni chumba kizima kisha mbao juu yake. Msikubali, kwa sababu maji yakizibwa sakafuni huhamia kutani, na plasta ya chokaa itaanza kudondoka. Chini wekeni vigae vya udongo au chokaa.

Juu ndiko kunakofaa. Msimwage zege kusawazisha: sentimita 5 za saruji ni karibu kilo 100 kwa kila mita ya mraba, wakati mbao ya mninga ya milimita 20 ni kama kilo 12. Boriti za zamani hazina nguvu ya ziada ya kugawa ovyo. Kwa chumba cha mita 3 kwa 5 mtahitaji mita 165 za ubao wa milimita 100 (asilimia 10 ya upotevu imo), na mbao tisa za mbili kwa mbili zenye urefu wa mita 5. Hizi za mbili kwa mbili zilazwe kukata boriti, ili uzito usambae, zikiachana kama sentimita 40. Mbao za sakafu ziunganishwe kwa ulimi na mfereji, yaani ulimi wa ubao mmoja uingie kwenye mfereji wa jirani yake. Acheni milimita 15 kila ukuta; sketingi, yaani ubao mwembamba unaopigwa chini ya ukuta, itaficha. Msumari wa kawaida utashika kutu kwa hewa ya bahari na kuacha doa jeusi. Tumieni skrubu za chuma kisichoshika kutu.

Kabla ya yote hayo, mninga ukaushwe. Upangeni kivulini kwenye upepo, vijiti kati ya safu kila sentimita 60, Juni hadi Oktoba. Kisha kateni kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, mkipime, mkikaushe kwenye oveni nyuzi 103 mpaka uzito usishuke tena. Kikiwa gramu 228 kabla na 200 baada, maji ni asilimia 14 ya uzito mkavu: hapo pigeni ulimi. Anayepiga msasa avae barakoa, vumbi la mninga linabana kifua.

SWALI: Sakafu yangu ya mbao imepinda, kila ubao kingo ziko juu na katikati kumebonyea. Fundi anataka kuipiga msasa iwe sawa. (Msomaji, Lindi mjini)

JIBU: Mzuie. Chini ya mbao kuna maji kuliko juu. Ukisawazisha sasa, kiangazi mbao zitakauka na kingo zitabaki nyembamba, katikati kukiwa na mgongo. Tafuta kwanza maji yanakotoka, toboa matundu ya hewa kwenye sketingi, subiri kiangazi. Nyingi hurudi zenyewe.

SWALI: Nimepata mninga wa bei ya chini, muuzaji hana karatasi. (Msomaji, Masasi)

JIBU: Usinunue. Halali inakuja na hati ya kusafirishia na alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu; bila hivyo utanyang'anywa njiani, na aliyekuuzia humwoni tena. Ulizia pia misitu ya vijiji wilayani Kilwa. Vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayotunzwa vizuri, na mauzo ya miti yao yanaingia kwenye mfuko wa kijiji.