Ngoma na kayamba kwenye misa
Pole mdogo wangu, nimekuelewa, wazee wa parokia wanataka kinanda tu na nyie kwaya ya vijana mnataka ngoma na kayamba. Sio dhambi kabisa, Zaburi 150 inataja matari na matoazi, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki) mwaka 1963 ulishasema muziki wa asili wa watu upewe nafasi kwenye ibada. Ila jiulizeni, waumini wanaimba na nyie au wanawaangalia tu?? Hapo ndo penye kazi, maana kwaya ipo kusaidia watu wasali. Anzeni na wimbo wa matoleo, kiitikio kifupi, ngoma isimeze maneno. Wimbo mpya msiuimbe kabla paroko hajauona, muulizeni na habari ya ithibati ya jimbo, yaani kibali cha jimbo kwamba wimbo unafaa kuimbwa kanisani, mkipuuza mnaweza kusimamishwa na ugomvi na wazee ndo utakua mkubwa zaidi.