Herufi ndogo kwenye sarafu za babu

Meza yangu ya kutengeneza saa hapa Kamalondo, Lubumbashi, imekuwa pia meza ya sarafu. Watu wanaleta makopo, vitambaa vilivyofungwa fundo, hata soksi. Najibu machache ya wiki hii.

"Babu yangu alikuwa askari wa Force Publique, jeshi la Kongo wakati wa Wabelgiji. Ameacha sarafu tatu za namba 20 zenye herufi T. Fundi anasema ni fedha, anataka kuninunulia kwa gramu. Nimpe?" (Baba wa Katuba)

Usimpe, baba. Hiyo si fedha hata kidogo, ni shaba, na mnunuzi anayeita shaba fedha huwa ameona kitu kingine ambacho hataki ukijue. T ni Tabora. Vita vya kwanza vilipofunga bahari, Wajerumani wa Afrika Mashariki hawakupata tena sarafu kutoka kwao, wakaanza kuzipiga chapa wenyewe palepale Tabora, mwaka 1916: heller (senti za rupia yao) 5 na heller 20. Kazi ilikuwa ya haraka, kwa hiyo ukiona herufi hazijakaa sawa au ukingo umekwenda upande, usidhani ni bandia. Tarehe 19 Septemba 1916 askari wa Kongo wakaingia Tabora. Sasa unaelewa zilivyofika ndani ya kopo la babu. Thamani yake iko kwenye T na kwenye hali ya sarafu, mizani haina kazi hapo. Na kama babu ameacha hata barua au picha ya jeshi, ziweke pamoja nazo, usizitenganishe.

"Nina rupia mbili za Mjerumani mwenye kofia ya tai. Moja ina A, nyingine J. Ipi nzuri?" (Mama wa mtaa wa Kenya, hapa mjini)

Zote ni fedha ya kweli, mama. A ni kiwanda cha Berlin, J ni cha Hamburg. Rupia nzima ina gramu 11.66, na fedha safi ndani yake karibu gramu 10.7. Lakini herufi peke yake haisemi bei. Isome pamoja na mwaka, maana herufi ileile ni ya kawaida mwaka mmoja na adimu mwaka mwingine. Chukua lupu, kioo cha kukuzia, geuza sarafu polepole chini ya mwanga wa dirisha. Herufi iliyochakaa huonekana kwa kivuli chake.

"Shilingi za simba za Afrika Mashariki zenye H, I na SA je?"

H ni kiwanda cha Heaton, Birmingham. I ni Bombay, SA ni Pretoria. Hadi 1946 zilikuwa na robo tu ya fedha, kwa hiyo unahitaji kumi na mbili kupata fedha iliyomo ndani ya franga 5 moja ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Za 1948 na kuendelea hazina fedha.

"Franga 5 ya Leopold, 1887. Nimetafuta herufi mpaka macho yanauma."

Pumzisha macho, kaka. Ilipigwa Brussels na haina herufi ya kiwanda. Bandia zipo, basi ipime: gramu 25, upana milimita 37, sumaku isiishike. Halafu weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sufuri, ning'iniza sarafu kwa uzi izame bila kugusa chini. Mizani ikisoma karibu 2.4, vizuri. Ikikaribia 3, umeuziwa shaba iliyopakwa.

"Nisafishe kwa dawa ya meno?"

Hapana! Mimi mwenyewe niliwahi kusugua rupia kwa majivu na ndimu. Iling'aa kama kijiko kipya, na mnunuzi akanilipa bei ya kijiko.

"Sarafu ya Katanga ya 1961, yenye croisette (ule msalaba wa shaba) na ndizi, ni fedha?"

Si fedha. Ya kawaida ni bronzi, na nyumba nyingi za hapa mjini zilikuwa nayo. Ila ile ya franga 5 ilitolewa pia kwa dhahabu, gramu 13.33, na bronzi ni nyepesi kwa mbali. Ipime nyumbani kwanza. Ikisoma 13 na kitu, njoo mchana, na usimwonyeshe mtu njiani.